Sabufa ya 2.1 Katika Chumba cha Kumi kwa Kumi Kisumu: Uzoefu Wangu na Benga, Ohangla na Redio

Sabufa ya 2.1 ya bei ya chini, ile yenye sanduku moja kubwa na vispika viwili vya pembeni, inatosha kabisa kwa muziki wa Nyanza na Magharibi, mradi usiinunue kwa kufuata wati zilizoandikwa kwenye katoni. Ninayotumia mimi ina spika ya inchi 6.5 ndani ya sanduku na vispika vya inchi 3, ina Bluetooth, redio ya FM, matundu ya flashi na kadi, na waya nyekundu na nyeupe za televisheni. Iko Kisumu, kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, kuta za mawe na paa la mabati. Nataka kueleza inafanya nini vizuri, inakosea wapi na kwa nini, maana makosa mengi ya sabufa za aina hii hurekebishwa bila kutoa hata shilingi.

Muziki unaopigwa huku ni mtihani mgumu kuliko watu wanavyodhani. Benga ilikua pale gitaa liliposhika kazi ya nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, na ndiyo sababu gitaa la besi katika benga halikai mahali pamoja. Linatembea, linaruka pigo, linajibizana na gitaa la solo, na mwimbaji akinyamaza magitaa yanashika mbio yenyewe. Chukua rekodi yoyote ya D.O. Misiani na Shirati Jazz uifuate besi peke yake: utakuta inaimba wimbo wake kamili chini ya ule mwingine. Sabufa mbovu huufuta wimbo huo wa chini na kuacha ngurumo moja isiyobadilika. Mtu anasikia kishindo, anaridhika, kumbe nusu ya kazi ya mpigaji imepotea.

Sababu yake inapimika. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Unaofuata hutoa 55, wa tatu 73, na mwembamba 98. Sanduku dogo lenye spika ya inchi 6.5 kwa kawaida huanza kuchoka chini ya hezi 60 hivi. Hilo si kosa, ni udogo wa sanduku. Kosa ni pale tundu la hewa linapopangiwa kuvuma kwa nguvu mahali pamoja, tuseme karibu na hezi 80, ili mnunuzi atikisike dukani. Noti iliyoangukia hapo inaruka, za jirani zinafifia, na zilizo chini ya hapo zinakatika haraka. Naiita sabufa ya noti moja. Arbantone na gengetone, miziki ya vijana wa mjini, haziifichui, kwa kuwa besi yake ya kompyuta mara nyingi ni noti chache zinazorudiwa. Benga huifichua ndani ya dakika moja.

Kwa hiyo nenda dukani na flashi yako mwenyewe. Iwe ni duka la Oginga Odinga Street au kibanda cha Kibuye, muuzaji ataweka wimbo wake na kukwambia, "Skiza hiyo, boss, nyumba itatetemeka." Mwache amalize, kisha omba uweke yako. Weka sauti theluthi moja, nobu ya besi katikati, ufuate besi ya benga inapopanda na kushuka. Kila noti iwe na uzito unaokaribiana na wa jirani yake. Noti moja ikiruka na mbili zikipotea, rudisha flashi mfukoni.

Baada ya hapo weka omutibo, gitaa la Waluhya la aina ya George Mukabi, ambalo mara nyingi huenda na chupa ya soda inayogongwa au kukwaruzwa kushika mwendo. Chupa isikike kama kioo, yenye ncha. Ikisikika kama karatasi inayokunjwa, vile vispika vya inchi 3 ni vya ovyo au ikweliza ya ndani, ile inayopandisha na kushusha sauti za juu na za chini, imepandishwa kupita kiasi. Nyatiti pia ni kipimo kizuri cha sauti za juu: mpigaji huvaa gara, yaani njuga za mguuni, na oduong'o, pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu anayoigonga kwenye mbao za ala. Vitu hivyo viwili usivichanganye kwa sikio. Ukishindwa kuvitofautisha dukani, nyumbani hali haitakuwa nzuri zaidi.

Halafu zima muziki, punguza sauti hadi sifuri, weka sikio karibu na sanduku. Mvumo hafifu kabisa si neno. Mvumo unaosikika ukiwa umesimama wima ni tatizo linaloanzia ndani. Zungusha nobu zote polepole. Zikikwaruza zikiwa bado mpya, mzigo umekaa stoo muda mrefu ukila vumbi. Mwisho bonyeza kwa upole karatasi ya spika kubwa kwa vidole vinne vilivyopangwa kuzunguka katikati: iingie na kutoka bila kukwaruza.

Kuhusu wati nitasema machache tu, ila yashike. Katoni inaweza kudai wati elfu kadhaa za PMPO, yaani kilele cha kufumba na kufumbua, na tarakimu hiyo haina kazi yoyote. Geuza sanduku usome kibandiko cha nyuma, pale palipoandikwa volti 240, hezi 50, na wati inazokula. Ikisema 60, hakuna njia itatoa zaidi ya hizo kwa mfululizo, na sehemu yake inapotea kuwa joto. Nyingi za bei hii hutumia chipu ya kukuza sauti ya TDA2030 au nakala yake, inayotoa takriban wati 14 kwenye spika ya omu 4. Zinatosha. Kuongeza wati maradufu hukupa desibeli 3 tu zaidi, na ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati karibu mara kumi. Chumba cha kumi kwa kumi hakihitaji vita hivyo.

Chumba chenyewe ndicho chenye neno kubwa, na hapa ndipo wengi hupoteza muziki mzuri. Futi kumi ni mita 3.05. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi linalotoshea mara nusu kati ya kuta mbili zinazotazamana ni la hezi 56. Linganisha na gitaa la besi: uzi wa pili ukiwa wazi ni hezi 55. Maana yake, katika chumba cha kumi kwa kumi kila mpigaji anaposhika noti hiyo ya A, kuta zenyewe zinaimba naye, na kwa kuwa pande zote mbili za chumba zinalingana, zinaimba kwa pamoja. Mtu hudhani sabufa yake ina besi ya ajabu kumbe ni nyumba. Chumba cha kumi kwa kumi na mbili kina nafuu kidogo: ule upande mrefu husimama kwenye hezi 47, mvumo ukagawanyika sehemu mbili.

Wimbi hilo lina nguvu zaidi kutani na ni dhaifu katikati ya chumba. Aliyelala kitandani kichwa kikiwa ukutani anasikia besi nzito mno. Aliyekaa kwenye kiti katikati analalamika haisikiki na kuongeza nobu. Nobu haitatatua hilo. Sogeza sanduku.

Mpangilio ninaoupendekeza baada ya kusikiliza sana ni huu. Usiweke sabufa kwenye pembe kamili ya chumba, kwa sababu pembe hukusanya sakafu na kuta mbili, na kila uso unaongeza besi. Iweke ukutani, kiasi cha theluthi moja ya urefu wa ukuta kutoka pembeni. Katika chumba cha kumi kwa kumi hiyo ni kama mita moja. Tundu la hewa likiwa nyuma, acha sentimita 15 kati yake na ukuta, la sivyo hewa inafoka na besi inakuwa nyembamba. Likiwa ubavuni, lisitazame kabati. Vispika vidogo vikae kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyekaa, mita moja kutoka sakafuni hivi, vikitengana mita moja na nusu hadi mbili na kugeuzwa kidogo kumwelekea msikilizaji. Kuvirundika vyote juu ya sanduku, kama inavyofanyika nyumba nyingi, kunafanya muziki wote utoke kwenye tundu moja.

Angalia na waya. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Kispika kimoja kikigeuzwa, hakuna kitu kitakachoungua wala kuzima, ila mwimbaji anakosa mahali pa kusimama: sauti yake inasambaa kotekote na muziki unakonda. Ni kosa la kawaida sana baada ya kuhama nyumba. Kama waya hazina rangi, chomoa kispika, gusisha betri ya volti 1.5 kwa nukta moja kwenye waya zake. Karatasi ikisukumwa nje, waya uliogusa upande wa kujumlisha ndio wa kujumlisha. Weka alama.

Kutetemeka kwa mabati ni suala jingine. Mara nyingi kinacholia si bati lenyewe bali msumari uliolegea, kioo cha dirisha kilichokauka simenti yake ya pembeni, au sahani za kabati. Cheza noti ndefu ya besi, tembea chumbani ukigusa vitu kimoja kimoja kwa kiganja. Kinachonyamaza ukikigusa ndicho chenye kosa. Nyumba iliyojengwa kwa mabati hata kutani hupitisha besi nje kirahisi, hivyo mvumo wa hezi 56 ni mdogo, lakini jirani naye anapata haki yake yote.

Ohangla, muziki wa ngoma wa Wajaluo, inataka mpangilio wa peke yake. Ngoma zake za asili huwambwa ngozi ya kenge, zina mlio mkavu, wa haraka. Ohangla ya sasa, ya akina Tony Nyadundo, Emma Jalamo na Prince Indah, imeongeza kinanda cha umeme ambacho mara nyingi ndicho kinachobeba besi. Nobu ya besi ikizidi nusu, kinanda kinafunika ngoma na mtu anabaki na mvumo usiochezeka. Mimi huigeuza kushoto kidogo kutoka katikati, kama mshale wa saa unaorudi kutoka namba 12 hadi namba 10, na mara hiyo ngoma zinatoka mbele. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kati ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, huenda na ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Hiyo nayo ni kipimo: ukisikia mbili badala ya tatu, kubwa imeimeza ya kati, punguza besi.

Udhaifu mkubwa wa 2.1 hizi ni sauti ya mwanamume anayeongea. Sauti hiyo huanzia karibu hezi 85 kwenda juu, na vispika vya inchi 3 haviwezi kuibeba chini ya hezi 150 hivi, kwa hiyo sanduku kubwa ndilo linalochukua kifua chake. Matokeo yake, mahojiano ya asubuhi redioni, habari za wasanii, hata sinema za kutafsiriwa za DJ Afro, zinasikika kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Ukisikiliza mazungumzo, shusha besi hadi robo na pandisha sauti za juu kidogo. Mashine yenye kitufe cha besi kwenye rimoti inastahili pesa zaidi kwa sababu hiyo pekee, kwa kuwa hakuna atakayeinuka kila tangazo linapoisha.

Redio ya FM ya ndani ni nzuri kuliko inavyosifiwa, shida ni ule waya mfupi unaoning'inia nyuma ukiwa umekunjwa. Kwa stesheni zilizo karibu na megahezi 100, robo ya wimbi ni sentimita 75. Kunjua waya wote. Ukiwa mfupi kuliko huo, ungia waya mwembamba wa kawaida ufikie sentimita 75, uunyooshe wima ukutani karibu na dirisha. Ukikaa chini ya bati bila dirisha, sauti haitakuwa safi. Ramogi FM au Mulembe FM ikianza kuchemka jioni tu, usilaumu stesheni: zima taa ya LED moja moja, chomoa chaja za simu moja moja. Chaja za bei rahisi ndizo zinazomwaga kelele kwenye FM, na ukiipata yenye kosa, isogeze mita mbili kutoka kwa ule waya.

Bluetooth inafanya kazi vizuri ndani ya chumba kimoja. Weka sauti ya simu kwenye asilimia 80 hadi 90, kisha tumia nobu ya sabufa. Simu ikiwa chini na sabufa juu, unasikia mchemko. Simu ikiwa mwisho kabisa na ikweliza yake ikiwa imewashwa, sauti inachanika kabla haijafika. Kwa sinema usitumie Bluetooth, tumia waya, maana sauti huchelewa kwa kiasi cha moja ya tano ya sekunde na midomo haipatani na maneno.

Flashi ndiyo inayoharibu sifa za sabufa nyingi bila kosa lake. Wimbo wa dakika nne wa MP3 uliobanwa kwa kilobiti 128 una megabaiti 3.8 hivi, ule wa kilobiti 320 una 9.6. Kabla hujamlipa kijana wa kuweka nyimbo, tazama ukubwa wa faili. Benga ya zamani iliyorekodiwa na matoazi, ikibanwa hadi 128 kisha ikageuzwa tena, matoazi yanakuwa maji yanayomwagika na hakuna nobu itakayoyarudisha. Vilevile faili ya megabaiti 9 iliyopanuliwa kutoka ile ndogo haina chochote kipya ndani, kwa hiyo dai nyimbo zitoke kwenye diski au kwa msanii. Flashi ya gigabaiti 16 inachukua nyimbo kama 1,500 za ubora wa juu. Ipangwe kwa FAT32, la sivyo sabufa nyingi hazitaiona. Tena nyingi hucheza kwa mpangilio wa faili zilivyonakiliwa, si kwa alfabeti. Ukitaka mpangilio wako, nakili nyimbo kwa zamu unayoitaka.

Mvumo ukianza baada ya muda wa matumizi, tafuta chanzo kabla ya kumwita fundi. Chomoa waya zote za kuingiza sauti. Ukikoma, unatoka kwenye televisheni au chaja ya kompyuta. Viunganishe vyote kwenye ekstensheni moja na mara nyingi utapungua. Usipokoma, kapasita kubwa za umeme ndani zimechoka, hasa kama vichwa vyake vimefura. Kazi hiyo mwachie fundi, kwa sababu kuna volti 240 karibu hapo, lakini msimamie: kapasita mpya iwe na mikrofaradi zile zile, kwa mfano 4,700, na volti sawa au zaidi, kamwe si chini. Fyuzi ikikatika, iwekwe ya ampea ile ile. Anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi anakuachia moto nyumbani.

Mende hupenda joto la transfoma na hufanya njia kwenye saketi. Bandika wavu mwembamba kwenye matundu ya kupoza ya nyuma, usiyazibe, wala usibandike kwenye tundu la besi.

Jambo jingine la nyumba zetu ni maji ya kudeki. Sanduku hizi ni za unga wa mbao uliogandishwa, na ukimwaga ndoo sakafuni, ukingo wa chini unanyonya, unafura, viungo vinaachana na hewa inaanza kutoka mahali pasipo tundu. Besi inapotea polepole na mtu anadhani spika imekufa. Inua sanduku sentimita 4 kwa matofali mawili bapa, weka vipande vya raba katikati ya tofali na sanduku. Umelipata suluhisho la maji na la kutetemeka kwa pamoja.

Stima ikipotea, zima swichi ya ukutani kabla haijarudi, maana ule mshtuko wa kurudi ndio unaoua chipu. Kifaa cha kulinda televisheni, chenye kuchelewesha umeme kwa sekunde kadhaa, kinafaa hapa pia. Na usiiache usiku kucha ikiwa kimya bila kuzimwa: sabufa inayokula wati 10 tu ikisubiri rimoti, ikiachwa hivyo mchana na usiku, inamaliza uniti 7.2 za tokeni kwa mwezi wa siku 30.

Kuhusu majirani, kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja. Kwenye ploti ya vyumba vinavyoshirikiana ukuta, kinachovuka ni besi, sauti za juu hufia kwenye jiwe. Baada ya saa mbili shusha nobu ya besi hadi robo, acha sauti kuu ilipo. Maneno na gitaa la solo utaendelea kuyasikia vilevile, na jirani hatasikia karibu chochote. Kama ukuta anaolalia ndio uliowekea sabufa, ihamishie ukuta wa mkabala.